Kijani cha Thyge

Chupa ile ya mdomo mpana zamani ilikuwa ya matango ya siki, maana kibandiko chake kilikuwa hakijabanduka chote. Ellinor Brask aliiweka kwenye meza ya Thyge Ravnholt, juu kabisa ya ramani iliyotoka kuchapwa muda si mrefu, akafungua kifuniko bila kuomba ruhusa ya mtu.

Harufu ikajaa chumba. Thyge alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mchora ramani tangu enzi za kalamu na wino, na kila aliyemjua alijua kwamba uchafu haukai naye nyumba moja. Alinawa mikono kabla ya kushika karatasi, akanawa tena baada ya kuiweka. Mkate wake wa mchana aliukata kwa kisu alichokuja nacho kutoka nyumbani, kwa kuwa aliamini kwamba visu vya jikoni mwa ofisi hulambwa.

"Nimeichota kijitoni leo asubuhi, nyuma ya nyumba yangu," Ellinor alisema. "Na wewe hapa umeandika malisho."

Kidole chake kilikuwa kimekandamiza ramani pembeni mwa kijito cha Tvedbæk, pale penye kijani laini, safi, kisicho na doa.

Ellinor alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua la njano, na kesi yake ilijulikana manispaa nzima. Kwenye mwinuko juu ya nyumba yake kulikuwa na shamba la Kresten Damgaard, lenye nguruwe elfu tisa. Kresten alikuwa ameomba kibali cha kuongeza elfu nne. Ellinor aliweka pingamizi: kwamba matangi ya Kresten yakijaa, kinyesi cha majimaji humwagwa kwenye shimo alilochimba kwa siri nyuma ya misonobari, na shimo hilo linavuja mpaka kijitoni. Kresten alikana. Manispaa, badala ya kumwamini jirani mmoja dhidi ya mwingine, ikaiagiza ofisi ya akina Thyge itengeneze ramani kutokana na picha za setilaiti za mwaka ule. Kikao cha kamati ya mazingira kilikuwa Jumatano. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Ramani ikionyesha malisho matupu, pingamizi la Ellinor lingetupwa, na kijito kingekwenda nalo.

Thyge alimweleza, akiwa ameziba pua kwa kitambaa, kwamba picha hupigwa kutoka juu sana, mamia ya kilomita, na kwamba setilaiti haina jirani wala shemeji. Inaonyesha kilichopo.

"Haina pua vilevile," Ellinor alisema. "Wewe unayo. Njoo nayo kesho."

Akaondoka, akaiacha chupa.

Jeppe Stenvang, mwenye ofisi, alitoka chumbani kwake akicheka. Alikuwa na miaka arobaini, mchangamfu, mwenye soksi za rangi mbili, mtu ambaye hakuna kilichowahi kumkera. Alifungua madirisha yote akasema kwamba mzee wa kijani amepata mpenzi hatimaye, na kwamba wengine huleta maua. Thyge aliishika chupa kwa vidole viwili na karatasi, akaipeleka nje karibu na baiskeli, kisha akanawa mpaka viwiko.

Jina la mzee wa kijani lilikuwa na sababu yake. Setilaiti haipiti juu ya nchi kwa kufuata mipaka ya ramani. Hupita mshazari, na picha zake huja zimelala upande. Ukiunganisha picha kumi na mbili ili zifunike manispaa moja, pembeni hubaki pembetatu tupu, na programu ya ramani huzijaza weusi. Kwa programu kila nukta ya picha ni namba tu. Pasipo na picha namba ni sifuri, na sifuri ni nyeusi. Miaka kumi na tisa nyuma Thyge alizitazama pembetatu zile akazichukia. Aliziona kama meno yaliyooza, tena zilikula wino. Akaiagiza programu: kila ukutapo sifuri, hiyo ni sehemu tupu ya nyuma ya picha, weka kijani. Kijani chenyewe alikitafuta siku tatu, akijaribu na kukataa, mpaka akapata kile cha nyasi za Mei huku kwetu Jylland, kisichovuta jicho, ambacho mtu hukitazama na kuendelea na mambo yake. Wenzake wakakiita kijani cha Thyge, na jina hilo likaingizwa kwenye orodha ya rangi ndani ya programu. Sasa manispaa kumi na moja zilikitumia. Kila alipoona ramani yao ukutani mahali fulani, Thyge alitazama pembe kwanza, akaridhika.

Hakwenda kwa Ellinor kwa kumwonea huruma. Alikwenda kumnyamazisha.

Jumanne saa tatu asubuhi aliegesha gari barabarani, akapitia bustani ya Ellinor. Ellinor alikuwa akimngoja na viatu virefu vya mpira. Alimwuliza kama hana vya kwake. Thyge alijibu kwamba anakwenda kutazama tu, hendi kuogelea, akabaki na viatu vyake vya ngozi vya kahawia vilivyong'arishwa.

Kijito kilikuwa na upana wa hatua mbili. Mawe yake yalikuwa yameota utando wa kijivu uliolala na mkondo, kama manyoya ya panya aliyelowa. Kwenye kona moja samaki watatu walielea wakiwa wameonyesha matumbo, na mmoja alikuwa amepasuka. Thyge alitoa kitambaa. Ellinor alimwongoza kupanda kando ya maji, chini ya waya, mpaka kwenye safu ya misonobari, akayatenga matawi kwa mkono kama mtu anayefungua pazia sebuleni.

Shimo lilikuwa kubwa kuliko uwanja wa mpira. Juu yake ulitanda utando mnene uliopasukapasuka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na katika mipasuko viputo vilipanda polepole, vikakaa, vikapasuka. Weusi wake haukuwa weusi wa udongo wala wa maji. Hata mwanga wa asubuhi ulipoufikia haukurudi. Upande wa pili kulikuwa na mzoga wa mwananguruwe, umevimba, umegeuka rangi ya bluu, na ndege aina ya kunguru alikuwa amesimama juu yake akifanya kazi yake bila haraka.

Thyge aligeuka ili asione, na mguu wa kushoto ukateleza. Ukaingia hadi kwenye kifundo, ukaendelea kidogo. Uchafu ule ulikuwa na uvuguvugu. Hilo ndilo hakuweza kulisahau baadaye, kwamba ulikuwa na uvuguvugu.

"Sasa umepima na kina," Ellinor alisema.

Nyumbani kwake hakumruhusu kuvuka kizingiti. Alimpa mpira wa maji bustanini, akamsimamia akijiosha, kisha akamletea kahawa nje na kipande cha keki. Thyge aliishika kahawa hadi ikapoa. Alimwuliza shimo lile lina muda gani. Ellinor alisema miaka sita, kwa kadiri anavyojua yeye. Miaka sita amepeleka barua, na kila mara amejibiwa kwa ramani. Maofisa walikuja mara mbili, Kresten akawaonyesha matangi, akawanywesha kahawa, wakaondoka. Wakati wote ule, alisema, alianza kujiuliza kama kweli amezeeka vibaya, maana karatasi ilikuwa nzuri sana.

Thyge alirudi ofisini na soksi moja. Viatu alivifunga ndani ya mifuko mitatu, akavitupa kwenye buti la gari. Hakumsalimia mtu. Akaketi, akafungua picha yenyewe, ile iliyotoka kwa setilaiti kabla hajaigusa.

Shimo lilikuwepo. Jeusi, lenye umbo la figo, nyuma ya misonobari, dhahiri kama doa la wino shatini. Alibofya katikati yake ili asome namba. Zilikuwa ndogo mno, lakini hazikuwa sifuri. Akafungua picha ileile baada ya kuwa imekolezwa, maana kabla ya kuziunganisha picha wao huzikoleza ziwe na mwanga na kuvutia, na katika kukoleza kule vilivyo vyeusi kupita kiasi husukumwa chini kabisa. Akabofya tena pale pale. Sifuri, sifuri, sifuri. Kisha akawasha rangi yake.

Figo likatoweka. Mahali pake pakabaki nyasi za Mei.

Alizima, akawasha. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Programu haikuwa imekosea, ilikuwa imetii. Aliiambia kwamba kila chenye weusi wa mwisho si kitu, na ikakitendea kama si kitu. Kwa nini hakuna aliyeona kwa miaka kumi na tisa? Hilo nalo lilikuwa wazi, na lilimtia kichefuchefu kuliko harufu. Maziwa na mito huchorwa upya kwa bluu juu ya picha. Matangi yaliyosajiliwa huchorwa kwa duara za kijivu. Vivuli vya msituni, vikigeuka kijani, hufanana na msitu. Kilichobaki kufunikwa ni kile kisichosajiliwa popote na kisichotakiwa kuonekana na mtu.

Alibadilisha rangi ya nyuma. Akachagua zambarau, rangi ambayo huku Jylland haina nyasi wala paa wala maji, akafungua manispaa nzima.

Pembetatu za pembeni zikawa zambarau, kama alivyotarajia. Msituni kukawa na punje punje za vivuli. Lakini nyuma ya mazizi na nyuma ya safu za misonobari kulikuwa na madoa mazima, yenye kingo, yamelala shwari kama majipu. Alitoa yote yaliyokuwa maziwa, akatoa matangi, akatoa vivuli. Yalibaki kumi na saba. Akafanya vivyo hivyo kwa ramani ya miaka minne nyuma. Yalikuwa tisa. Yalikuwa yamenenepa chini ya kijani chake.

Akaenda kunawa. Akarudi, akaona bado mikono inanuka, akaenda tena.

Jeppe alikuwa akila mezani kwake, mkate mweusi uliopakwa ini la kusaga, na tango juu. Alisikiliza yote bila kuacha kutafuna. Alitazama kioo cha kompyuta ambayo Thyge alikuwa ameibeba hadi pale, akasema kwamba zambarau hiyo inaumiza macho. Kisha akasema, kwa upole wa daktari wa meno, kwamba jambo hili ni kubwa kwa hiyo lisifanyiwe haraka. Watalirekebisha katika toleo la mwaka ujao, kimyakimya, kwa manispaa zote kumi na moja, na hakuna atakayeumia.

Thyge alimwuliza kuhusu kesho.

"Kesho wanapewa ramani waliyolipia. Hatukumdanganya mtu, Thyge. Tuliweka rangi ya nyuma, basi. Kila ofisi ina yake."

Alikuwa na chembe ya ini kwenye kona ya mdomo, ya kahawia, yenye kung'aa kidogo. Thyge alijaribu kutazama mahali pengine akashindwa. Alimwambia kwamba kule kuna shimo, ameliingia kwa mguu.

"Pole sana. Kweli. Lakini fikiria na wewe," Jeppe alisema. "Habari hii ikitoka nje, magazeti hayataandika jina langu. Hicho kijani kina jina la nani? Miaka arobaini ya kazi, unabakiza miwili, halafu watu wanakukumbuka kwa hilo? Kama herufi za jina lako kwenye kona ya ramani zinakuwasha, nitazitoa. Tutaacha nembo ya ofisi tu. Nakufanyia hisani, mzee."

Akaijaza tena kahawa, akamsogezea Thyge kikombe. Ulimi wake ukatoka, ukaichukua ile chembe, ukarudi ndani. Thyge alisimama akaondoka chumbani, na aibu yake ilikuwa kwamba maneno yale yalikuwa yamemgusa. Alikwisha kuanza kujiambia kwamba mwaka ujao si mbali.

Kwa desturi ya manispaa ile, aliyetengeneza ramani huketi kikaoni, na kabla ya kura mwenyekiti humwuliza swali moja: je, ramani inaonyesha ardhi ilivyo? Yeye hujibu ndiyo, na kura hupigwa. Kwa miaka kumi na tisa Thyge alikuwa amesema ndiyo, halafu akala biskuti.

Jumatano saa kumi jioni chumba kilikuwa na joto na harufu ya mazulia. Kresten Damgaard alikuwa ameketi mstari wa mbele, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, akinukia sabuni. Alimwinamia Ellinor kwa adabu alipoingia na koti lake la njano. Jeppe alikuwa ameibandika ramani ukutani mwenyewe, mapema. Kona ya chini kulia, pale pa herufi za Thyge, palikuwa na nembo ya ofisi tu.

Ilikuwa ramani nzuri. Thyge aliwaona wajumbe saba wakiitazama na nyuso zao zikilegea, kama watu waliofika likizo. Mjumbe mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba nchi yetu ni kijani kweli. Kijani kile hakikuvuta jicho, na kwa ajili hiyo hasa alikuwa amekitafuta siku tatu.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani shingoni, alisoma ombi la Kresten, akasoma pingamizi, akauliza swali lake huku akifungua ukurasa unaofuata.

Thyge alitazama kona ya ramani, pale penye nembo. Mwenyekiti alinyanyua macho.

"Hapana," Thyge alisema.

Alikuwa na karatasi nyingine ndani ya bomba la kadibodi kati ya magoti. Aliitoa, akaenda ukutani, akaibandika juu ya ile ya kwanza, kona moja ikining'inia. Zambarau ilikuwa mbaya sana machoni. Mtu alikohoa. Thyge aliwaeleza kwa sauti ya chini, kama anayesoma maelekezo ya dawa, jinsi picha zinavyolala upande, jinsi nafasi tupu zinavyojazwa, na jinsi yeye, si programu wala setilaiti, alivyoamua kwamba weusi wote ni utupu. Alisema kijani ni chake na hata kina jina lake. Aliwaonyesha doa la Tvedbæk, kisha akayaonyesha mengine kumi na sita, moja moja, akitaja kila barabara.

Kresten alisema, bila kupandisha sauti, kwamba vile ni vivuli vya misonobari, kila mkulima anajua.

"Nimekiingia hicho kivuli kwa mguu," Thyge alimjibu. "Kina mwananguruwe anayeelea."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaikaribia karatasi, akarudi nyuma. Alimwuliza Thyge ni kwa muda gani ramani zimekuwa hivyo. Thyge akasema miaka kumi na tisa. Akamwuliza kama kweli katika muda wote huo hakuona.

"Sikupenda kuona weusi kwenye karatasi," alisema.

Kura haikupigwa. Mwenyekiti aliamuru wakaguzi waende Tvedbæk kesho yake saa mbili asubuhi, na kwenye madoa mengine kabla ya mwisho wa wiki, tena wasimpigie mkulima yeyote simu kwanza. Mwandishi wa gazeti la mji, ambaye mpaka wakati ule alikuwa akichora maua kwenye daftari, alimwomba Thyge amtajie jina lake herufi kwa herufi. Thyge akamtajia. Jeppe alipita karibu naye bila kumtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na uchangamfu wowote. Thyge alijishangaa kuona kwamba hilo nalo halikumpa raha.

Pale kwenye baiskeli Ellinor alikuwa akifunga vifungo vya koti. Thyge alisimama mbele yake. Hakujua alikuwa akingoja nini, lakini alikuwa akingoja.

"Miaka sita," Ellinor alisema. "Samaki hawarudi kwa sababu umesema hapana mara moja."

Thyge akasema anajua.

"Na chupa yangu iko wapi? Nina matango yananisubiri jikoni."

Alimwambia ataileta.

Jioni ile aliiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaiosha kwa siki, akaichemsha, akaisugua kwa magadi, akabandua mabaki ya kibandiko kwa ukucha. Asubuhi alifungua buti la gari. Viatu vya kahawia vilikuwa bado ndani ya mifuko yao mitatu, na harufu ilikuwa imeshika viti. Alikuwa na viatu vingine nyumbani, jozi nne, safi. Alivaa vile vya kahawia, cha kushoto kikiwa bado na unyevu ndani, akaendesha hadi Tvedbæk na dirisha wazi.

Wakaguzi wawili walikuwa wameshafika, wakivaa mavazi ya mpira kando ya barabara. Ellinor alikuwa kizingitini. Thyge alimpa chupa. Ellinor aliinyanyua kwenye mwanga, akaizungusha, akaingiza pua ndani yake kama mpishi aliyekagua vyungu vya watoto mia tatu kwa miaka thelathini.

"Osha tena," alisema, akamrudishia.

Thyge akaiweka chupa kwenye nyasi karibu na mpira wa maji, akawafuata wakaguzi kupanda kando ya kijito.